Simu Ikizimwa, Mtoto Anafanya Nini?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi katika mkutano wa wazazi na walimu wa chekechea hapa Manyatta, Kisumu. Wengi hawakufika. Kuna waliokuwa mazishini, kuna waliokuwa sokoni, maana Jumamosi ni siku ya kazi kwa mama muuza omena. Wameniomba niwaandikie, nami nimeandika kama nilivyosema.

Wazazi wenzangu, walimu wenzangu, nyanya na babu mlioacha shughuli zenu mkaja, hamjambo?

Kabla sijaanza, naomba kila mtu atoe kalamu na kipande cha karatasi. Karatasi yoyote, hata risiti. Umepata? Sasa nyoosha mkono mbele yako. Kiwiko kisiguse meza wala paja. Jirani yako akushikie karatasi hewani, kisha uandike majina yako yote matatu. Andika. Usiogope, hakuna anayesahihisha.

Haya, tazameni maandishi yenu. Baba pale nyuma, jina lako limepanda mlima. Mama hapa mbele, herufi zako zimelala. Na majina hayo mmeyaandika miaka thelathini, wengine arobaini! Mmechoka wapi? Si vidoleni. Mmechoka begani.

Mkono unaoandika huanzia begani, ukashuka kwenye kiwiko, ukaja kwenye kiganja, ndipo ukafika vidoleni. Mtoto naye hukomaa kwa njia hiyo hiyo, bega kwanza, vidole mwisho. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, mifupa hiyo haijawa mifupa bado. Ni gegedu laini, kama ile ncha ya mfupa wa kuku mnayoitafuna. Inageuka kuwa mfupa mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, na wa mwisho unakawia hata mtoto akafika miaka 8 au akaipita. Mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, ana miaka 4. Mkono wake bado uko jikoni, haujaiva.

Sasa niwaulize. Tunapomwekea mtoto huyo daftari mbele yake, tukamwambia ajaze kurasa tano za herufi 'a' kabla ya kulala, tunamfundisha kuandika, au tunamfundisha kuichukia kalamu?

Nina mtoto mmoja nitawasimulia habari zake. Alikuja kwangu Januari, ana miaka 4 na ushei. Simu ya mama yake alikuwa anaifungua mwenyewe. Anatafuta katuni, anaruka matangazo, anaongeza sauti, yote kwa kidole kimoja. Mama yake alijivunia jambo hilo, na mimi simlaumu hata kidogo. Lakini nilipompa krayoni aliishika kwa ngumi nzima, kama mtu anayesonga ugali. Akichora nusu mstari, anauficha mkono chini ya meza. Mara ya kwanza nilidhani ni ukaidi. Nikainama, nikaushika ule mkono. Ulikuwa unatetemeka.

Mama akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto hana akili?" Wazazi, akili alikuwa nayo tele. Alichokosa ni kazi ya mikono. Nikamwomba mama mambo matatu. Akifua, mtoto amkamulie soksi. Akipika maharagwe, mtoto atoe mawe, moja moja, kwa kidole gumba na cha shahada. Akienda mferejini, mtoto abebe mtungi wake mdogo wa lita mbili. Shuleni mimi nikaongeza udongo wa kufinyanga, kamba ya kuruka na tawi la mpera la kuning'inia.

Mwezi wa saba, asubuhi moja, akaja na mpira wa karatasi. Nikauliza, "Nani amekufungia?" Akasema, "Mimi." Sikuamini. Nikamwambia aufungue, aufunge tena mbele yangu. Akakaa chini, akauweka katikati ya magoti. Akaivuta kamba ya katani, akaipitisha chini ya ile nyingine, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Fundo la kwanza likateleza. Akalirudia. La pili likashika. Akageuza mpira, akaenda upande wa pili, akakaza kwa meno. Niliyahesabu mafundo yale, yalikuwa kumi na moja. Wiki hiyo hiyo alishika penseli kwa vidole vitatu, na mimi sikuwa nimemfundisha kuishika.

Mtasema, "Mwalimu, tumeitwa hapa tusikie habari za teknolojia, mbona unatuambia mpira wa karatasi?" Subirini kidogo, naja huko.

Mimi si adui wa simu. Naomba mlisikie hilo vizuri. Mwaka 2016 serikali ilipoanza kupeleka tableti kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za umma, nilifurahi kama wengine. Chekechea haikuwemo katika mpango ule, lakini watoto wangu walichungulia dirishani kwa wenzao. Katika shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo, tableti zilitumika muhula mmoja, kisha zikaingia kabatini, kufuli likafungwa. Umeme ulikuwa wa kubahatisha. Walimu tulikuwa tumeonyeshwa namna ya kuziwasha, lakini hakuna aliyetuonyesha namna ya kufundisha nazo. Niliumia. Nilikuwa nikiwafunza watoto wangu chumba cha jirani tu, na ndani ya kabati lile kulikuwa na vitu ambavyo vingewasaidia.

Tangu siku hizo nimekuwa na swali moja ninalopimia kila kifaa. Simuulizi muuzaji, namuuliza mtoto kwa macho. Simu ikizimwa, mtoto anafanya nini? Akilia na kujitupa chini, simu ile ilikuwa inammeza. Akiinuka akaenda kufanya alichokiona, akaruka, akaimba, akachora mchangani, simu ile imefanya kazi yake. Simu ikizimwa, mtoto anafanya nini? Nendeni nalo nyumbani swali hilo.

Niwape mfano. Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya nyanya, ambamo watoto, hasa wasichana, walilala wakisikiliza sigana, yaani hadithi, mpaka usingizi uwachukue. Hiyo ilikuwa chekechea yetu kabla neno chekechea halijafika hapa. Leo nyanya yuko kijijini Bondo au Ugenya, mjukuu yuko Manyatta kwenye chumba kimoja cha kupanga. Nani atamsimulia?

Nikamwendea dani mmoja, yaani nyanya, wa Nyalenda, anauza mboga kando ya barabara. Nikamwomba anisimulie hadithi ya Apuoyo, yaani sungura, nimrekodi kwa simu. Kabla hajafungua mdomo, alijifunga leso upya kichwani, akakaa wima, kana kwamba anapigwa picha. Kisha akaanza, "Chon gi lala..." Dakika saba. Sungura anakimbia, kobe anajikokota, kiboko anatoka ziwani.

Jumatatu nikaicheza darasani kwa spika ndogo. Na hapa nakiri kosa langu. Nilipobonyeza, nilikaa mezani kwangu nikaanza kujaza rejista. Nikajiambia sasa dani anafundisha, mimi nipumue. Dakika ya tatu wawili wanasukumana. Dakika ya tano hakuna anayesikiliza. Hadithi ile tamu, sauti ile tamu, ikawa kelele tu ya nyuma.

Siku ya pili nikaketi nao mkekani. Kobe akitajwa, nasimamisha sauti. "Kobe anatembeaje?" Darasa zima likashuka kwa viganja na magoti, likajikokota mpaka ukutani. Sungura je? Wakaruka kwa miguu miwili. Kiboko je? Hapo palikuwa na vurugu, sitawaficha! Mabega yalifanya kazi, mapaja yalifanya kazi, na maneno ya dani yakaingia. Mwisho wa wiki walikuwa wanaisimulia wenyewe, kwa Dholuo na kwa Kiswahili, na yule wa kutoka Vihiga alikuwa ameanza kuitia maneno ya kwao.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili lilipimwa. Mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Patricia Kuhl na wenzake waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9. Kundi moja lilichezewa na kusomewa kwa Kichina na mtu aliyekaa nao sakafuni, vipindi 12. Kundi lingine likaonyeshwa watu wale wale, maneno yale yale, lakini kwenye runinga. Lingine likasikilizishwa sauti peke yake. Waliokaa na mtu walijifunza kuzitambua sauti za Kichina. Wa runinga je? Hawakujifunza kitu. Wa sauti je? Hawakujifunza kitu. Wale walikuwa wachanga, wangu wana miaka 4 na 5, lakini nilipolisoma hilo niliikumbuka rejista yangu.

Kwa hiyo mama, unapompa mtoto simu, mpe na muda wako pia. Kaa naye dakika kumi. Mwulize, "Huyu amefanya nini? Hebu fanya kama yeye." Najua kuna jioni ambazo haiwezekani. Mvua inanyesha, jiko liko mlangoni, mtoto mdogo mgongoni, na huyu mkubwa ukimwacha atatoka nje usiku. Unampa simu ili aketi. Nani atakuhukumu? Si mimi. Ila tuweke mpaka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Aliye chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji dakika 180 kwa siku za kujongea, na 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka mpaka ahemee. Saa tatu! Ile saa moja ya skrini kila mtu ameisikia. Hizi saa tatu nani anazizungumzia?

Sasa tuje kwenye kusoma. Simu hii hapa, kioo kimepasuka, mnaiona. Nina mchezo tunaouita kuwinda herufi. Ijumaa tunatoka kwa mstari, watoto wameshika kamba, tunapita njia ya kuelekea Kondele. Mtoto akiona herufi anayoijua anapiga kelele, nami naipiga picha. K ya kinyozi. S ya saluni. M kubwa kwenye kibanda cha M-Pesa, hiyo wote wanaijua. Herufi zilizoandikwa ubavuni mwa tuktuk zinawapita mbio, inabidi jicho liwe jepesi. Tukirudi, tunaitazama picha moja, mara moja, kisha simu inaingia mfukoni. Ndipo kazi inaanza. Mtengeneze M kwa udongo. Mtengeneze M kwa mafunjo yaliyotoka Dunga. Mtengeneze M kwa miili yenu, watoto wanne walale chini. Mtembee juu ya M niliyoichora uwanjani kwa jivu, kisigino kiguse kidole gumba. Wiki inayofuata naipeleka picha ile saiba, kwenye duka la kompyuta, inachapwa kwa shilingi 10, inabandikwa ukutani.

Kwa nini nisiwape tu programu ambayo mtoto anagusa M, M inaimba? Kwa sababu kuigusa M na kuitengeneza M ni mambo mawili tofauti. Katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, Karin James na mwenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti wa watoto wadogo ambao bado hawajui kusoma. Herufi nyingine waliziandika wenyewe kwa mkono, nyingine walizifuatisha juu ya alama, nyingine walizibonyeza kwenye kibodi. Kisha wakatazama ubongo wao kwa mashine wakati wanaonyeshwa herufi hizo. Zile sehemu za ubongo ambazo msomaji huzitumia ziliamka kwa herufi walizoziandika wenyewe. Kubonyeza hakukufanya hivyo. Fikirini, herufi ya mtoto imepinda, imegeuka, mguu mmoja mrefu mwingine mfupi, na ubongo unajifunza kwa ajili ya huko kupinda. Msimfutie. Msimshike mkono ili ipendeze.

Kuna baba alinijia mwaka uliopita amekasirika. Akasema, "Nalipa karo, mtoto anarudi na udongo kwenye soksi za sare, daftari jeupe. Mnafundisha nini?" Nilimheshimu kwa kuja. Nikamwambia akae nusu saa atazame. Watoto wanaruka kamba. Kila ruko, silabi moja. Ki-su-mu, wanaruka mara tatu. Ka-ka-me-ga, mara nne. Bu-si-a, tatu. Kisha kila mtoto anaruka jina lake. Kiswahili chetu kimejengwa kwa silabi, na mtoto anayeweza kulikata neno kwa miguu atalikata kwa macho litakapoandikwa. Binti yake akaruka jina la babake. Akakosea, akasimama, akapiga makofi polepole, akarudi akalipatia. Baba akauliza, "Hiyo ndiyo kusoma?" Nikamwambia, ndiyo hiyo, imevaa nguo za mchezo. Siku hizi huyo baba ndiye anayetuletea kamba.

Na lugha ya nyumbani msiidharau. Sera ya nchi hii inataka mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya eneo lake, na kule kijijini hiyo ni Dholuo au Kiluhya bila mjadala. Hapa Manyatta tumechanganyika, kwa hiyo tunatumia mbili tatu. Wenye bando kidogo, kuna mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Hadithi zake ni za bure, za Kiswahili zimo, za Dholuo zimo, na unaweza kuzichapa. Pakua moja leo usiku, uisome nje ya mtandao kesho.

Kuna jambo linaloniuma, acheni niliseme. Watoto wetu watachezea wapi? Nilipoanza kazi, nyuma ya shule palikuwa na kiwanja. Jioni kuna michezo, kuna kati, kuna bano, kuna brikicho, na wavulana wamechimba ardhini mashimo ya ajua, ule mchezo wa bao. Leo pana nyumba za kupanga mpaka ukingoni mwa mtaro. Tunawaambia watoto waache simu waende wapi? Barabarani kwa bodaboda? Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti. Basi mkiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, nendeni, na msiombe madarasa na madawati peke yake. Ombeni uwanja. Na nyinyi wenye nyumba mlioketi hapa, na nyinyi viongozi wa makanisa, nyua zenu zina malango. Zifungueni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Saa mbili tu.

Mtoto mmoja wa mwisho. Binti wa miaka 5, mkono wake wa kulia umekakamaa tangu kuzaliwa, na maneno hayamtoki vizuri. Kwake yeye mambo nimeyapanga upya. Nilimpakulia picha kubwa kwenye tableti ya kuazima: maji, choo, mpira, nyanya, hapana, tena. Anazigusa kwa kushoto. Siku ya kwanza aligusa "tena" mara nyingi mfululizo, hadithi ya Apuoyo, tena, tena, tena. Miaka miwili alikuwa anaitaka tena na hakuna aliyejua. Kwa mtoto kama huyu skrini ni mdomo, na mdomo haupimwi kwa saa. Lakini hata yeye tunamviringishia mpira kila siku, aupokee kwa mkono ule wa kulia, na sasa vidole viwili vinafunguka.

Nimesema ya kutosha. Jumamosi ijayo nawaomba mlete vifuniko vya soda, kamba, magunzi ya mahindi na magunia makuukuu. Aliye na simu ndogo ya mulika mwizi isiyotumika, bora inarekodi sauti, ailete, tuwape nyanya wenye hadithi. Dani wa Nyalenda mnamwona, amekaa pale chini ya mwembe na mkeka wake, na leo hatumrekodi, amekuja mwenyewe. Watoto wamengoja mpira tangu saa nne. Timu ya kina mama upande wa tangi, kina baba upande wa lango. Vueni viatu, tutoke.